Kubadilishana magari Texas: je, kodi ipo hata kama pesa haikutembea?

Msomaji anayeishi Fort Worth, Texas, ameniuliza swali ambalo najua linawahusu wengi wetu. Ana Toyota Sienna ya 2013. Rafiki yake wanayesali pamoja ana Honda Accord ya 2015. Rafiki amejaliwa mtoto wa nne na Accord imeshakuwa ndogo. Msomaji watoto wake wamekua na kuhama, na Sienna sasa ni gari kubwa la mtu mmoja. Wamekubaliana kubadilishana. Kwa kuwa Accord ina thamani zaidi kidogo, huenda yeye akaongeza dola 1,500. Watu wamempa ushauri wa kila namna: mmoja anasema pesa isipotembea hakuna kodi, mwingine anasema waandikiane zawadi walipe dola 10, wa tatu anasema waandikiane mauzo ya dola 500 kwa kila gari. Mwishoni akaongeza kwamba Sienna hiyo aliwahi kuiendeshea Uber. Anauliza: lipi ni halali, na lipi ni nafuu?

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe. Mkibadilishana gari kwa gari bila mtu kuongeza chochote, kila mmoja wenu atalipa kodi ya dola 5. Basi. Ukiongeza zile dola 1,500, wewe utalipa asilimia 6.25 ya hizo 1,500, yaani dola 93.75, na rafiki yako hatakuwa na tofauti ya kutozwa asilimia hiyo. Hizi ndizo njia halali, na katika hali yenu ndizo pia nafuu kuliko ule ujanja wa kuandikiana dola 500. Sentensi yako ya mwisho kuhusu Uber ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu, lakini twende kwa mpangilio.

Texas haitozi magari kodi ileile unayolipa dukani. Magari yana kodi yake, iliyo katika sura ya 152 ya sheria ya kodi ya jimbo: asilimia 6.25, bila nyongeza za mji au kaunti. Anayelipa ni anayepokea gari, na hulipa kwenye ofisi ya kodi ya kaunti siku anapohamisha umiliki. Mnapobadilishana, kila mmoja wenu anapokea gari, kwa hiyo mbele ya sheria mna mihamisho miwili. Hoja ya kwamba pesa haikutembea haisaidii kitu, kwa sababu gari ulilotoa ndilo malipo yako. Lakini jimbo liliona kwamba watu wawili wakipeana gari kwa gari hakuna aliyepata zaidi kwa pesa taslimu, likaweka kodi ya kudumu ya dola 5 kwa kila upande. Njia hii ipo kwenye fomu yenyewe ya kuombea hati ya umiliki, 130-U, ina kisanduku chake, na mnachotakiwa ni kukitia alama tu.

Sharti lake ni moja: kusiwe na kitu kingine juu ya magari hayo mawili. Magari hayalazimiki kuwa na thamani sawa sokoni. Kama rafiki yako ameridhika kuchukua Sienna na kukupa Accord bila nyongeza, huo ni mbadilishano sawa hata kama muuza magari angesema Accord ina thamani zaidi. Kinachoharibu ni nyongeza, na nyongeza si noti peke yake. Ukimlipia rafiki deni lake la benki lililobaki kwenye Accord, hiyo ni nyongeza. Ukimtengenezea paa la nyumba bure ili kufidia tofauti, hiyo nayo ni nyongeza. Na ukitia alama kisanduku cha dola 5 kisha jioni ukamtumia dola 1,500 kwa Zelle, umesaini uongo kwenye hati ya serikali, na ushahidi umeuacha benki.

Sasa, kama mtaongezeana, hesabu inakwenda hivi. Tuseme mmekubaliana kwamba Accord ni dola 10,500 na Sienna ni dola 9,000. Kwenye fomu yako wewe unaandika bei ya Accord 10,500, chini yake unaandika thamani ya gari ulilotoa kama sehemu ya malipo, 9,000, na kinachobaki, 1,500, ndicho kinachotozwa asilimia 6.25. Rafiki yako kwenye fomu yake ana gari la 9,000 alilolipata kwa kutoa gari la 10,500, hivyo hakuna kinachobaki.

Hapa shika jambo moja, kwa sababu ndipo watu wanapojiumiza: andika bei nzima na gari ulilotoa, usiandike tofauti peke yake. Ukiandika tu kwamba umenunua Accord kwa dola 1,500, mfumo wa kaunti utakusoma kama mtu aliyenunua gari zuri kwa bei ya kutupa, na utakutoza kwa namna nyingine kabisa.

Namna hiyo ndiyo jibu la ule ushauri wa kuandikiana mauzo ya dola 500. Tangu Oktoba 2006, mauzo ya gari lililotumika kati ya watu binafsi Texas hupimwa dhidi ya thamani elekezi. Idara ya Magari ya Texas, TxDMV, ina kikokotoo kwenye tovuti yake. Unaweka namba ya chesisi na maili zilizo kwenye dashibodi, nacho kinakupa thamani ya gari hilo. Bei mliyoandika ikiwa chini ya asilimia 80 ya thamani hiyo, kodi haikokotolewi tena kwa bei yenu. Inakokotolewa kwa hiyo asilimia 80.

Tuweke mfano. Thamani elekezi ya Accord ikiwa dola 10,000, asilimia 80 yake ni 8,000, na kodi yake ni dola 500. Ya Sienna ikiwa 9,000, asilimia 80 ni 7,200, na kodi ni dola 450. Kwa hiyo wewe na rafiki yako mkiandikiana mauzo ya dola mia tano mia tano kwa nia ya kukwepa kodi, mtalipa jumla ya dola 950 kwa jambo ambalo mkisema kweli lingewagharimu dola 10. Nimeona watu wakilipa hivyo dirishani, tena wakilalamika kwamba wameonewa, na kumbe walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba kisanduku cha mbadilishano kipo. Inaniuma kila mara, maana hizo ni pesa za matairi mapya manne.

Thamani elekezi haitumiki kwa mbadilishano sawa wala kwa zawadi. Na kama siku moja utanunua gari ambalo kweli ni bovu, gia inateleza au bodi imeliwa na kutu, nalo linauzwa chini ya asilimia 80, sheria inakuruhusu kuleta tathmini iliyothibitishwa ya muuza magari mwenye leseni au mkadiriaji wa bima. Iwahi, kwa sababu ina muda wake: siku 20 za kazi. Muuza magari atakutoza ada kwa tathmini hiyo, kwa hiyo kwanza piga hesabu uone kama unachookoa kinazidi ada.

Kuhusu zawadi. Ni kweli kodi ya gari la zawadi Texas ni dola 10, na ni kweli watu wengi wa kwetu wameitumia. Lakini zawadi ina masharti mawili ambayo nyinyi hamna hata moja. La kwanza, anayetoa na anayepokea lazima wawe kwenye orodha ya sheria: mume na mke, wazazi na watoto pamoja na wa kambo, wakwe, babu na bibi na wajukuu, kaka na dada, mashemeji wa aina hiyo, mlezi wa kisheria, mirathi, na mashirika ya hisani yanayotambuliwa. Binamu hayumo. Mpwa hayumo. Mtu mliyesoma naye Kigoma, mkaishi naye kambini Nyarugusu na mkawa kitu kimoja mpaka leo, hayumo pia, hata kama watoto wako wanamwita baba mdogo. La pili, zawadi ni kitu kinachotolewa bila malipo, na nyinyi mnalipana kwa magari.

Zaidi ya hapo, zawadi inahitaji hati ya kiapo, fomu 14-317, inayosainiwa na pande zote mbili mbele ya mthibitishaji wa saini (notary), na mmoja wenu lazima aipeleke mwenyewe ofisini. Mtu anakwambia "andika tu zawadi" kana kwamba ni neno la kujaza nafasi. Anachokuambia ufanye ni kuapa uongo. Soma maandishi madogo kwenye fomu ya kuombea hati: kudanganya kwenye nyaraka za kuhamisha gari ni jinai ya daraja la tatu, kifungo hadi miaka 10, na faini hadi dola 10,000. Kwa raia hilo ni balaa tosha. Kwa mwenye kadi ya kijani, au anayesubiri kesi yake ya hifadhi, au anayejiandaa kuapishwa uraia, hukumu ya jinai inaweza kumharibia faili lote la uhamiaji. Sitaki hata mmoja wenu aweke makazi ya familia yake rehani kwa ajili ya dola 93.

Kuna kosa la nne ambalo hukulitaja, nami nalihofia kuliko yote: kubadilishana funguo na kuacha karatasi kama zilivyo. Nyumbani, Tanzania kwa mfano, wengi tumezoea gari kutembea miaka kwa jina la mwenye zamani, watu wakitegemea mkataba wa kuuziana na kadi iliyokabidhiwa. Tumekuja na mazoea hayo. Huku, siku rafiki yako atakapopita na Sienna kwenye barabara za kulipia za Dallas, bili inakuja kwako. Akiegesha vibaya, tiketi ni yako. Akigonga mtu, wakili wa aliyegongwa anaanza kutafuta kwa jina lililo kwenye hati. Na bima yako uliyokata kwa gari lenye jina la mtu mwingine inaweza kukuletea maswali siku unapoihitaji.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kwanza kila mmoja amwonyeshe mwenzake hati halisi ya umiliki, si picha ya simu. Angalieni majina: kama hati ina jina la mume na mke, wote wawili wasaini. Angalieni kama kuna benki iliyoandikwa kama mwenye dai. Kama ipo, hata kama deni lilishalipwa, tafuteni kwanza barua ya benki ya kuachilia dai hilo, maana bila hiyo mtarudishwa. Kisha nyuma ya hati, anayetoa gari anasaini, anaweka tarehe, anaandika maili zilizosomwa siku hiyo. Magari yenu yote mawili ni ya toleo la baada ya 2010, kwa hiyo sheria ya taifa inadai maili zitajwe. Msikate wala kufuta kwa wino mweupe. Hati iliyofutwafutwa hukataliwa, na kuomba nyingine kunachelewesha.

Halafu fomu 130-U, mbili, kila mmoja akiwa mwombaji wa gari analopokea. Sehemu ya juu ni namba ya chesisi, mwaka, aina ya gari, uzito, jina na anwani. Shuka chini mpaka kwenye hesabu za kodi. Hapo kuna mistari ya bei, ya gari lililotolewa kama malipo, ya kiasi kinachotozwa; na pembeni kuna visanduku vidogo: dola 90 kwa mkazi mpya aliyekuja na gari lake kutoka jimbo jingine, dola 5 kwa mbadilishano sawa, dola 10 kwa zawadi. Mbadilishano sawa, tia alama ya dola 5 na uache mistari ya bei. Wenye nyongeza, jazeni mistari ya bei na muache visanduku. Fomu inasainiwa na anayetoa na anayepokea, saini halisi za wino.

Nendeni pamoja, siku moja, kwenye ofisi ya kodi ya kaunti ya Tarrant, mkiwa na vitambulisho vyenye picha ambavyo havijaisha muda na uthibitisho wa bima ya gari unalopokea. Mkiwa wote wawili dirishani, kosa dogo linarekebishwa palepale. Mbali na kodi mtalipa ada ya maombi ya hati, dola 28 au 33 kutegemea kaunti, na ada za usajili zinazohusika. Baada ya hapo kila mmoja aingie kwenye tovuti ya TxDMV na kutoa taarifa kwamba gari lake la zamani limehamishwa. Taarifa hiyo ni bure, ina siku 30, na ndiyo inayokukinga na bili na tiketi za baadaye.

Sasa Uber.

Kodi ya jimbo mkiimaliza, kuna ya taifa, na hii wengi hawaijui kabisa. Gari la matumizi ya nyumbani likibadilishwa, kwa kawaida halina kodi ya mapato, kwa sababu limeshuka bei tangu ulinunue, hakuna faida. Lakini gari uliloliingiza kwenye hesabu za biashara ni suala jingine. Kila mwaka ulipojaza kodi ukatumia kiwango cha maili, yaani kiasi maalumu unachokata kwenye mapato kwa kila maili ya kazi, sehemu ya kiwango hicho ilikuwa uchakavu wa gari. Kwa 2023 ilikuwa senti 28 kwa kila maili ya kazi, kwa 2024 senti 30. Umeshapunguziwa kodi kwa uchakavu huo, kwa hiyo IRS, idara ya kodi ya taifa, inauondoa kwenye gharama ya gari lako. Ukilitoa gari kwa thamani inayozidi kilichobaki, tofauti ni mapato.

Mfano: Sienna uliinunua 2022 kwa dola 16,000, na asilimia 60 ya maili zake zote zilikuwa za kazi. Gharama ya upande wa kazi ni 9,600. Mwaka 2023 uliendesha maili za kazi 12,000, uchakavu 3,360. Mwaka 2024 maili 10,000, uchakavu 3,000. Jumla 6,360. Kilichobaki upande wa kazi ni 3,240. Leo umeitoa Sienna kwa thamani ya 9,000, asilimia 60 yake ni 5,400. Faida ni dola 2,160, nayo inaripotiwa kwenye fomu 4797 na kutozwa kama mapato ya kawaida. Upande wa nyumbani umepata hasara ya 2,800, lakini hasara ya kitu cha matumizi binafsi haikatwi popote. Najua inauma kuona faida inatozwa na hasara inaachwa, ila ndivyo sheria ilivyo.

Utasikia mtu akisema kubadilishana mali ya biashara kwa mali inayofanana hakutozwi. Alikuwa sahihi zamani. Tangu 2018 msamaha huo umebaki kwa ardhi na majengo tu, magari yametoka. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi rafiki funguo, toa daftari lako au programu uliyokuwa unarekodia maili, na nakala za kodi za miaka uliyofanya kazi. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa bila daftari hata mtaalamu wako atakuwa anakisia. Piga picha dashibodi siku ya makabidhiano. Andikeni pia karatasi moja ya makubaliano yenye thamani ya kila gari, nyongeza kama ipo, tarehe na saini, kila mmoja abaki na nakala. Thamani mliyoandika kaunti na utakayoandika kwa IRS ziwe zilezile. Ukienda kwenye mbadilishano sawa bila kuandika bei, chapisha makadirio ya soko ya magari yote mawili ya siku hiyo uyaweke kwenye faili. Na kama utaendesha Accord kwa Uber, thamani yake ya siku uliyoipokea ndiyo gharama utakayoanzia hesabu mpya.

Wasomaji wa majimbo mengine msichukue hizi dola 5 mkaenda nazo kwenu. California haikubali kupunguza thamani ya gari ulilotoa: mkibadilishana, kila mmoja anatozwa kwa thamani ya soko ya gari analopokea, kuanzia asilimia 7.25 na kupanda kutegemea eneo. Arizona, kinyume chake, haitozi kodi ya mauzo kwa magari yanayouzwa kati ya watu binafsi. Umbali kati ya Phoenix na Los Angeles ni wa saa chache barabarani, lakini mbadilishano uleule wa magari ya dola 10,000 upande mmoja hautozwi na upande mwingine unazidi dola 700 kwa kila mtu. Kama rafiki yako anahama, anachotozwa kinategemea anasajili wapi, kwa hiyo mmalize shughuli nyote mkiwa bado wakazi wa Texas.

Kuhusu muda: mna siku 30 tangu siku ya makabidhiano. Mkichelewa, kodi inaongezwa asilimia 5, na zikipita siku nyingine 30 inakuwa asilimia 10. Kwa kodi ya dola 5 hilo si kitu, lakini faini ya kuchelewa kuhamisha hati ni tofauti: dola 25, kisha 25 nyingine kila siku 30 zinapopita, mpaka dola 250. Kama benki ya rafiki yako bado haijatoa barua ya kuachilia dai kwenye Accord, msipeane magari. Subirini barua ifike, ndipo saa ya siku 30 ianze kuhesabu.